Maswali ya Wasomaji: Manifoldi ya Hewa na Mvuto wa Injini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Arusha, Moshi na vitongoji vyake zinagusa kifaa kimoja ambacho wenye magari hawakitaji mara kwa mara, nacho ni manifoldi ya kuingizia hewa, yaani ile mirija inayoigawia kila silinda hewa yake. Manifoldi ya upande wa pili, ile ya ekzosi, inajulikana zaidi kwa sababu ikipasuka hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Hii ya hewa hukaa kimya kati ya filta na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na hata injini inapopoteza nguvu kwa sababu yake, lawama huenda kwenye plagi, nozeli za kunyunyizia mafuta au pampu ya mafuta. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu mengine yote yanaiegemea.

Ndugu Mhandisi, salaam. Mimi ni dereva wa gari la kukodi, na safari zangu nyingi ni kati ya Moshi, Himo na Marangu. Gari langu na la mwenzangu yana injini za petroli za ujazo mmoja, lita 2, ingawa ni za aina tofauti. La kwake likiwa limejaa abiria hupanda Marangu kwa utulivu, lakini la kwangu lazima nilikanyage mpaka injini ilie ndipo lipande. Nimebadilisha plagi, filta na oili bila mafanikio. Fundi mmoja wa Majengo ameniambia kuwa tofauti iko kwenye manifoldi ya hewa. Inawezekanaje bomba tu, lisilo na kitu kinachozunguka ndani yake, lilete tofauti kubwa kiasi hicho? — Dereva, Himo

Ndugu yangu, ikiwa injini zote mbili ni nzima, yaani mgandamizo wa silinda uko sawa na hakuna plagi inayomisi, basi fundi wako amegusa jambo la kweli. Si manifoldi peke yake, kwa sababu umbo la kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, na uwiano wa gia navyo vina sehemu yake, lakini manifoldi ina sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Injini haivuti hewa kwa mfululizo kama pampu ya maji. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda hufungua valvu yake ya hewa kwa takriban theluthi moja tu ya mzunguko mzima wa kazi, kisha valvu hufungwa na hewa iliyokuwa ikikimbia ndani ya mrija wa manifoldi hukuta mlango umefungwa. Jambo hilo hujirudia mara nyingi kila sekunde. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hufungua valvu yake ya hewa mara 25 katika sekunde moja. Kwa hiyo ndani ya mrija hewa husukumwa, husimama, hurudi na husukumwa tena, na manifoldi bora ni ile iliyotengenezwa kwa kuzingatia vurugu hiyo na kuitumia.

Msaada wa kwanza hutokana na uzito wa hewa yenyewe. Hewa ni nyepesi, lakini ikishapata kasi ndani ya mrija haitaki kusimama. Pistoni ikifika chini na kuanza kupanda, watengenezaji huiacha valvu ya hewa wazi kwa muda zaidi, mara nyingi mpaka krankshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, izunguke nyuzi 40 hadi 60 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Mtu angetarajia pistoni inayopanda iirudishe hewa ilikotoka, lakini kasi ikiwa ya kutosha, hewa iliyo nyuma huendelea kuisukuma iliyo mbele, kama abiria wa nyuma wanavyowasukuma wa mbele waingie daladala hata konda alipokwisha kushika mlango. Hivyo silinda hupata hewa zaidi ya ile ambayo pistoni peke yake ingeivuta.

Msaada wa pili ni wa mawimbi, na hapa ndipo urefu wa mrija unapotawala. Pistoni inaposhuka na valvu ikiwa wazi, mgandamizo hushuka ghafla kwenye mlango wa silinda, na mshuko huo husafiri kurudi juu ya mrija kama wimbi, kwa mwendo wa sauti. Wimbi likifika mwisho wa mrija, mahali unapofungukia kwenye chemba kubwa ya hewa, hugeuka. Lilikwenda likiwa mshuko wa mgandamizo, na hurudi likiwa mpando. Mpando huo ukiufikia mlango wa silinda kabla valvu haijafungwa, husukuma hewa ya ziada ndani. Ukichelewa hukuta mlango umefungwa, na ukiwahi mno huwa umekwisha kupita, nyuma yake likafuata wimbi la mshuko linaloipokonya silinda hewa.

Tufanye hesabu ndogo. Mwendo wa sauti katika hewa ya joto la kawaida ni karibu mita 345 kwa sekunde. Mrija wenye urefu wa sentimita 40 kutoka kwenye valvu hadi kwenye chemba hulilazimu wimbi kusafiri sentimita 80 kwenda na kurudi, na safari hiyo huchukua takriban sekunde 0.0023. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, katika muda huo krankshafti huwa imezunguka nyuzi 42 hivi. Kwenye mizunguko 6,000 huwa imezunguka nyuzi 83. Wimbi ni lile lile na mrija ni ule ule, lakini linaifikia valvu ikiwa katika hali tofauti kabisa. Sasa urefushe mrija uwe sentimita 60. Utaona kwamba zile nyuzi 83 zinapatikana kwenye mizunguko 4,000 badala ya 6,000. Maana yake ni kwamba mrija mrefu huleta msaada wake mapema, injini ikiwa bado katika mwendo wa chini au wa kati, na mrija mfupi huuleta injini inapokimbia sana. Mahesabu ya wahandisi ni magumu zaidi ya haya, kwa sababu wimbi hurudi mara kadhaa na mirija ya silinda jirani huingiliana, lakini mwelekeo wake hauendi kinyume na huu.

Tukirudi kwenye magari yenu mawili, ninaloliona mimi ni kwamba injini ya mwenzako imelinganishwa ivute kuanzia chini, na yako ipumue vizuri ikishapanda mizunguko. Inua boneti zote mbili mtazame. Mirija mirefu inayopinda juu ya injini au kuizunguka kama mkono uliokunjwa ni dalili ya mtengenezaji aliyetaka torki ya chini, yaani ile nguvu ya kuzungusha inayolivuta gari lililojaa kwenye mlima. Mirija mifupi iliyonyooka ni dalili ya mtengenezaji aliyetaka nguvu za farasi za juu. Hakuna kati ya hizo iliyo mbovu.

Usibadilishe manifoldi. Badilisha namna ya kutumia gia. Rudisha gia mapema kabla mlima haujalishika gari, na uiache injini izunguke pale inapopumua vizuri. Kelele ya injini nzima kwenye mizunguko 4,000 si uharibifu, na injini inayoumia ni ile inayolazimishwa kupanda na gia kubwa huku ikitetemeka. Jambo moja tu la kukagua ni hili: baadhi ya injini zina kipepeo, yaani kibati kinachofunguka na kufunga, ndani ya manifoldi kinachobadilisha njia ya hewa, na kipepeo hicho kikikwama katika hali ya mwendo wa juu, gari hupoteza mvuto wa chini bila dalili nyingine yoyote. Nimekieleza katika jibu linalofuata.

Shikamoo mwalimu. Ninasomea ufundi wa magari hapa Moshi na ninapenda sana mashindano ya rali. Nina Corolla yenye injini ya lita 1.6, aina ya 4A-FE, na nimeona picha za magari ya mashindano yenye mirija mifupi na mipana sana. Ninataka kuikata manifoldi yangu, niipanue, kisha niing'arishe ndani kama kioo. Je, nitapata nguvu zaidi? — Mwanafunzi, Moshi

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kushika msumeno.

Jibu fupi ni kwamba utapoteza zaidi ya utakachopata. Magari uliyoyaona pichani hayakufupishwa mirija tu. Kamshafti zake hufungua valvu kwa muda mrefu zaidi, silinda hedi zake zimepanuliwa, ekzosi zake zimetengenezwa upya, na dereva wake haachi mizunguko ishuke. Injini ya 4A-FE ilitengenezwa kwa matumizi ya kila siku na kamshafti yake ni ya upole. Ukiipa mirija ya mizunguko 7,000 wakati kamshafti inaanza kuchoka kwenye 6,000, unakuwa umejenga mlango mpana wa kuingilia chumba ambacho hakiwezi kupokea wageni zaidi.

Chukua tena kalamu. Injini ya lita 1.6 yenye silinda nne ina sentimita za ujazo 400 kwa kila silinda. Kama mrija una kipenyo cha ndani cha milimita 40, na silinda inajazwa yote katika mshuko mmoja wa pistoni, basi kwenye mizunguko 6,000 hewa ndani ya mrija hukimbia kwa wastani wa mita 64 hivi kwa sekunde. Kwenye mizunguko 2,000 hukimbia kwa mita 21 tu. Panua mrija hadi milimita 46 na ile 21 hushuka kuwa 16. Hizo mita 5 zinaonekana ndogo, lakini ule msukumo wa hewa nilioueleza katika jibu la kwanza hutegemea mraba wa kasi, kwa hiyo umepoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu hiyo kwenye mwendo ambao utautumia kila siku kati ya Pasua na mjini. Hewa ikipungua kasi huchanganyika vibaya na petroli pia, na gari hukujibu kwa kusitasita unapokanyaga.

Tatizo hili liliwasumbua watengenezaji wakubwa kabla yako, na njia walizopitia zinafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza gari la 300F lenye mirija ya manifoldi ya urefu wa takriban sentimita 76, mirefu kiasi kwamba ilivuka kutoka upande mmoja wa injini hadi upande wa pili. Ilileta mvuto mkubwa katika mwendo wa kati, na wale waliotaka kasi ya juu walitengenezewa toleo ambalo urefu unaofanya kazi ulikuwa nusu ya huo. Hapo ilikuwa lazima mnunuzi achague moja. Toyota walipotoa 4A-GE mwaka 1983, ambayo ni ndugu wa injini yako lakini yenye tabia ya mbio, waliipa kila silinda mirija miwili ya hewa, mmoja ukifungwa na kipepeo katika mwendo wa chini ili hewa ipite kwa kasi kwenye ule uliobaki, kisha wote wawili hufunguka injini inapopanda. Katika injini nyingine za Toyota, kama 1GR-FE ya lita 4 iliyomo katika baadhi ya Prado, kipepeo hicho hubadilisha urefu unaohisiwa na mawimbi badala ya kufunga mrija. Gari la Mazda 787B lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 lilikuwa na mirija iliyorefuka na kufupika yenyewe kadiri injini ilivyobadilisha mizunguko, na mwaka 2001 BMW waliingiza mirija ya namna hiyo, inayobadilika urefu bila kuruka hatua, katika injini ya N62 ya magari ya barabarani.

Tazama walichokuwa wakikitafuta wote. Hakuna aliyepata mrija mmoja usiobadilika unaofaa kila mwendo, kwa sababu haupo. Manifoldi huchagua ni katika mizunguko gani injini ipumue vizuri zaidi, na mahali pengine pote hulipia uchaguzi huo.

Kuhusu kung'arisha, hifadhi msasa wako. Katika injini ya kabureta uso unaong'aa kama kioo huwa na madhara, kwa kuwa petroli iliyogeuka matone hushikamana na kuta laini na kutiririka badala ya kupeperushwa na hewa. Katika injini ya nozeli faida yake ni ndogo mno. Kazi yenye faida ni nyingine, na haina gharama. Fungua manifoldi, paka wino au grisi nyepesi kwenye uso wa silinda hedi, weka gasketi, kisha uitoe uangalie alama. Mara nyingi utakuta gasketi imeingia ndani ya njia ya hewa kwa milimita mbili au tatu upande mmoja, au mdomo wa manifoldi hauko sambamba na mdomo wa silinda hedi, na kwenye makutano pana ngazi ndogo inayoikwaza hewa katika mahali inapokimbia kuliko pengine pote. Kata gasketi ilingane na tundu, sawazisha ngazi hiyo kwa faili nyembamba, safisha chembe zote za chuma kwa makini kabla ya kufunga, na uache vipimo vingine kama kiwanda kilivyoviweka. Ukimaliza masomo na kupata injini ya mazoezi isiyokuwa na abiria wa kuwasafirisha, hapo ndipo ujaribu kufupisha, tena ukiwa na kamshafti inayolingana.

Kaka Mhandisi, ninaongoza watalii kutoka Arusha kwenda Manyara na Ngorongoro. Nimewahi kuendesha Land Cruiser ya zamani ya dizeli isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, na sasa ninaendesha ya kisasa zaidi yenye tabo. Ile ya zamani ilikuwa ikitoa moshi mweusi na kuchoka ilipofika juu ya kreta. Hii mpya ilikuwa na nguvu sana, lakini siku hizi imeanza kuchoka hata kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu. Wapo wanaosema nifunge snokoli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu, itasukuma hewa zaidi. Je, ni manifoldi? — Dereva wa watalii, Sakina

Kaka, hayo ni matatizo mawili yaliyovaa nguo moja.

La ile ya zamani ni mwinuko. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi, na upungufu wake unakaribia robo nzima. Injini isiyo na tabo hujaza silinda kwa hewa iliyopo tu, na hakuna umbo la manifoldi litakaloirudisha robo iliyokosekana. Moshi mweusi hutoka kwa sababu pampu ya dizeli isiyo na kifaa cha kujirekebisha kulingana na mwinuko huendelea kupeleka mafuta yale yale huku hewa ya kuyaunguza imepungua. Unapokanyaga zaidi unaongeza moshi na joto, nguvu haiongezeki. Rudisha gia na upunguze mguu.

La hii mpya linanihusu zaidi, kwa sababu tabo huweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu wa mwinuko, na gari linalochoka kwenye kingo za Bonde la Ufa lilikokuwa likipanda bila taabu lina ugonjwa. Injini nyingi za dizeli za kisasa hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya manifoldi ya hewa kupitia valvu ya EGR, ili kupunguza gesi zenye sumu. Masizi ya moshi huo hukutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini na kwenye tabo, na mchanganyiko huo hugeuka lami nyeusi inayoganda kwenye kuta. Nimesimama gereji tukifungua manifoldi ya namna hii, na mrija uliopaswa kupitisha vidole viwili ulikuwa haupitishi kidole gumba. Lami yake ilikuwa na tabaka, ya nje laini na yenye mafuta, ya ndani ngumu kiasi cha kuhitaji bisibisi. Unene hauwi sawa katika mirija yote. Ule ulio karibu na mahali moshi unapoingilia huziba zaidi, kwa hiyo silinda moja hupata hewa kidogo kuliko jirani zake, na injini hutetemeka pamoja na kuchoka.

Mwambie fundi wako aitoe manifoldi yote na kuisafishia nje ya gari. Wapo wanaonyunyizia dawa ya kusafishia kupitia njia ya hewa huku injini ikiunguruma, na kwa manifoldi iliyoziba kiasi hicho mimi siikubali kazi hiyo, kwa kuwa bonge likibanduka huingia kwenye valvu au silinda, na gharama yake utaijutia. Kabla ya kufunga, mwombe akague kama valvu ya EGR inafunga kabisa, na kama mabomba kati ya tabo, intakula (kipozea hewa ya tabo) na manifoldi hayana nyufa au mafuta mengi kupita kiasi. Bomba lililochanika chini ya klipu huvujisha hewa ya tabo pale tu injini inapokuwa na mzigo, na ukiwa umesimama gereji hutalisikia.

Snokoli ni kifaa kizuri kwa kazi yako kwa sababu huchukua hewa juu, mbali na vumbi linaloinuliwa na magurudumu ya gari lililo mbele yako, na hulinda injini unapovuka maji. Lakini haisukumi hewa. Mdomo wake ukielekezwa mbele, msukumo wa upepo kwa mwendo wa hifadhini hauna uzito wowote katika mahesabu ya injini. Funga kwa ajili ya vumbi, na hakikisha viungo vyake vyote mpaka kwenye nyumba ya filta vimezibwa vizuri, maana vumbi likipenya baada ya filta hula ringi na kuta za silinda taratibu, na utagundua pale gari litakapoanza kunywa oili.

Mheshimiwa, gari langu dogo la lita 1.5 lilifanyiwa matengenezo hivi karibuni, manifoldi ikafunguliwa ili kubadilisha gasketi. Tangu hapo sailensa, yaani mizunguko ya injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, ninasikia mluzi mwembamba nikiwa kwenye foleni, taa ya injini imewaka, na asubuhi gari hutetemeka. Nikiwa kwenye mwendo halina shida. Fundi anataka nibadilishe nozeli zote. — Mama, Usa River

Mama yangu, usinunue nozeli bado. Dalili zako zote zinaonyesha hewa inayopenya kwenye manifoldi bila kupimwa.

Injini ya petroli ikiwa kwenye sailensa, kipepeo cha throtoli kimekaribia kufungwa, na mgandamizo ndani ya manifoldi huwa chini sana kuliko wa nje. Ufa wowote mdogo hufyonza hewa kwa nguvu, ndiyo maana unasikia mluzi. Hewa hiyo haikupita kwenye sensa ya kupimia, kwa hiyo kompyuta hupeleka petroli isiyotosha. Ukikanyaga, kipepeo hufunguka, tofauti ya mgandamizo hupungua, na hewa ya ufa huwa sehemu ndogo tu ya hewa yote. Ndiyo sababu ukiwa barabarani gari linatulia. Nozeli iliyoziba ingekusumbua zaidi ukiwa na mzigo, kinyume cha unayoyaona.

Magari mengi ya ukubwa huo yana manifoldi ya plastiki ya nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Ni nyepesi, laini ndani na haipashi hewa joto kama ya aluminiamu, na mimi ninaipenda, lakini haisamehe mkono mzito. Bolti zikikazwa kwa nguvu kupita kiasi, au kuanzia pembeni badala ya katikati, uso wake hupinda na gasketi mpya haizibi. Mwombe fundi atumie spana ya torki kwa kiwango cha mtengenezaji, akianza na bolti za katikati kwenda nje kwa awamu. Kabla ya hapo, mwambie aunganishe mashine ya kupimia na kusoma kiasi ambacho kompyuta inaongeza petroli. Kama nyongeza ni kubwa kwenye sailensa na inashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, huo ni ufa wa hewa. Akague pia mipira midogo ya vakyumu, hasa ule mnene unaokwenda kwenye seva ya breki, kifaa kinachoisaidia pedali, kwa sababu mara nyingi husahaulika kurudishwa au hupasuka unapochomolewa. Mpira huo ukivuja, pedali ya breki nayo huwa ngumu, na hilo halingoji wiki ijayo. Gereji yenye mashine ya kupulizia moshi ndani ya manifoldi itakuonyesha tundu mara moja. Wengine hunyunyizia petroli au dawa inayowaka kuzunguka gasketi ili wasikie injini ikibadilika. Usimruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari lako, ekzosi ya moto iko hatua moja tu kutoka hapo.

Shikamoo mzee. Pikipiki yangu ya bodaboda, cc 150, inapiga baruti nikiachia mafuta na sailensa yake haitulii. Kabureta imesafishwa mara nyingi. — Bodaboda, Bomang'ombe

Marahaba, kijana. Manifoldi ya pikipiki yako ni kile kipande kifupi cha mpira kati ya kabureta na silinda hedi. Kifungue ukikunje kwa vidole chini ya jua, kwa kuwa nyufa zake hazionekani mpaka kipindwe, na mara nyingi huanzia upande wa chini ambako petroli na joto hukutana. Angalia pia ringi ya mpira iliyo kwenye uso wake wa kufungia, kwani ikibapa huvujisha hewa hata kama mpira wenyewe ni mzima. Usizibe ufa kwa gundi wala silikoni, petroli huilainisha ndani ya siku chache na vipande vyake huvutwa na injini. Nunua kipya chenye kipenyo sawa na cha zamani, si kipana zaidi kama wauzaji wengine wanavyoshauri, kisha urekebishe upya skrubu ya hewa ya kabureta injini ikiwa imepata joto, kwa sababu ile uliyokuwa ukiigeuza siku zote ilikuwa inafidia ufa.